Kivuli Juu ya Kiota

"Hivi kasa akitaga mbele ya nyumba ya mkubwa, mayai yanakuwa ya nani?"

Aliniuliza hivyo jirani yangu Bi Chausiku, miaka kadhaa nyuma, tukiwa tunapepeta mchele uani kwake. Mimi nilicheka. Nikamwambia mayai ni ya kasa, kasa ni wa Mwenyezi Mungu, na mkubwa naye ni wa huyohuyo. Bi Chausiku hakucheka. Alitazama ukuta, akatazama mlango, kisha akaufunika ungo kwa kanga kana kwamba mchele ndio uliosikia.

Nchi yenyewe siitaji jina. Si kwamba naogopa. Kwetu jina la nchi halitajwi mpaka kwanza utaje vyeo vyote vya Mlezi, navyo mwaka huu vimefika arobaini na kimoja, na karatasi yangu ni fupi. Mlezi ndiye kiongozi wetu. Hakujipa jina hilo mwenyewe. Tulipiga kura kumwomba alipokee, na kura zilizomwomba zikazidi idadi ya watu. Hilo linaonyesha jinsi anavyopendwa.

Mimi naitwa Mwanaheri, ni mjane. Nilisoma mpaka darasa la saba, nikaolewa, nikazaa, nikazika. Tangu mume wangu afariki, kila siku baada ya swala ya alfajiri nilikuwa natembea ufukweni na wenzangu watano kutafuta viota vya kasa. Hakuna aliyetutuma. Kasa hutoka majini watu wamelala, akachimba, akataga, akafukia, akarudi zake. Asubuhi unakuta alama zake mchangani kama za tairi la trekta. Tunazifuata, tunachomeka kijiti, tunaandika tarehe daftarini, kisha tunalinda wasije mbwa, kaa, na wale watu wanaosema mayai ya kasa ni dawa ya kila kitu.

Kama mama amechimba mahali ambapo maji makubwa yatafika, tunayahamishia juu. Hapo ndipo penye kazi. Yai la kasa likishalala saa chache halitaki kugeuzwa. Ukilipindua, kilichomo ndani kinakufa, nawe hujui mpaka siku zipite. Kwa hiyo kabla ya kuliinua tunaliwekea nukta ya penseli juu, na linaingia kwenye shimo jipya vilevile lilivyokuwa limelala, nukta ikitazama mbinguni.

Aliyetufundisha hayo ni Mbwana, mdogo wake marehemu mume wangu, fundi viatu, mguu wake wa kushoto mfupi kuliko wa kulia. Ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea kaka yake. Tangu siku hiyo kila Ijumaa aliniletea kuni, akazipanga barazani, akabisha hodi, akaondoka kabla sijafungua. Hakuwahi kupita barazani. Alikuwa na adabu za watu wa zamani.

Mwaka wa jubilei ya Mlezi, kasa mmoja asiye na adabu yoyote alipanda ufukwe wa Jumba la Mapumziko.

Jumba hilo ni la Mlezi. Hajawahi kupumzika humo hata siku moja, lakini mchanga wake hufagiwa mara mbili kwa siku, huenda akachoka ghafla. Ufukwe wake umezungushiwa kamba nyekundu. Asubuhi hiyo tulikuta alama zimepita chini ya kamba, zikaenda, zikarudi.

"Tuache," nilimwambia Mbwana. "Tuseme hatukuona."

"Shemeji, maji makubwa ni keshokutwa. Yakifika pale, wote wamekwisha."

"Na kamba je?"

"Kamba imewekwa kwa ajili ya watu. Kasa hajui kusoma."

"Sisi tunajua."

Alinitazama, akainama, akapita chini ya kamba na mguu wake mfupi. Nami nikapita. Wenzetu wanne walikumbuka ghafla kwamba wameacha vyungu jikoni.

Yalikuwa mayai mia moja na kumi na mawili. Tuliyawekea nukta yote, tukayahamisha hatua thelathini kwenda juu, na tulikuwa tunafukia la mwisho filimbi ilipolia. Kufika saa tatu, magari matatu yalikuwa yamesimama mchangani, na Bwana Kheri Mapambo, Mkuu wa Fukwe, alikuwa amesimama juu yetu na kofia yake yenye nanga ya dhahabu.

"Nani ameyaruhusu mayai haya kukusanyika?"

Niseme kwa wasiojua: kwetu mkusanyiko wa zaidi ya kumi unahitaji kibali. Ni kwa ajili ya usalama wetu wenyewe, tusije tukakanyagana.

"Bwana Mkuu," Mbwana alisema, "hawajazaliwa."

"Ndiyo maana nauliza mapema. Watazaliwa lini?"

"Siku hamsini na tano, sitini hivi, Mungu akipenda."

Karani wake alifungua kalenda, akahesabu kwa kidole, akasimama. Akahesabu tena. Kisha akamwonyesha Bwana Mapambo bila kusema. Siku ya hamsini na nane ilikuwa ndiyo siku ya jubilei.

Bwana Mapambo alivua kofia. "Kasa huyu," alisema kwa sauti iliyotetemeka, "ni mzalendo."

Papo hapo wakaandika hati. Mayai yataanguliwa siku ya hamsini na nane, saa nne kamili asubuhi, Mlezi akiwa anashuka kwenye gari.

"Lakini Bwana Mkuu," Mbwana alisema, "mimi nimesema hivi."

"Hivi nini?"

"Sitini hivi."

"Serikali haina hivi," akasema Bwana Mapambo, akalikata neno. Akakata na "Mungu akipenda". Alipouona uso wangu akalirudisha, kwa herufi ndogo, chini kabisa, baada ya mhuri.

Halafu akasema ahadi kwa Mlezi lazima iwe na mdhamini.

Kwetu hakuna anayefungwa. Magereza yote yalifutwa mwaka juzi, na redio ikatuambia tushangilie, tukashangilia. Majengo yakabaki, yakapakwa rangi ya maziwa, yakaitwa Nyumba za Wageni. Mgeni hufuatwa na gari jeupe, hulishwa, hulazwa, wala haondoki mpaka mwenyeji aridhike naye. Kuna wageni ambao mwenyeji bado hajaridhika nao tangu majengo yalipokuwa na rangi ya zamani.

Mdhamini akawa Mbwana, awe mgeni mpaka mayai yatakapoanguliwa. Mimi nikapewa cheo, Mama wa Kiota, na beji. Alipokuwa anapanda gari jeupe alinikabidhi penseli. "Shemeji, angalia joto tu. Mchanga wa moto ndio mama yao sasa." Mlango ukafungwa taratibu. Magari yale milango yake haipigi kelele.

Siku ya tatu ilikuja Kamati ya Maandalizi ya Kuzaliwa, watu kumi na tisa. Bwana Mapambo aliagiza kiota kifunuliwe upande mmoja, kamati ijiridhishe. Nilifunua kwa vidole vyangu mwenyewe, polepole. Walichungulia.

"Hizi nukta ni za nini?"

"Zinaonyesha upande wa juu, Bwana Mkuu."

"Yaani hapo ndipo penye uso."

Niliona ni salama kukubali. "Tuseme hivyo."

Bwana Mapambo alinyanyuka, akatazama Jumba la Mapumziko kushoto, akatazama mayai, akatazama tena Jumba. Kamati nayo ikatazama huku na huku.

"Mbona nyuso zote zinatazama juu? Jumba la Mlezi liko kule. Yageuzwe!"

Askari wawili walipiga magoti, wakakunja mikono ya mashati. Mmoja alikuwa ameshalitia kidole yai la kwanza.

Kama ningesema yakigeuzwa yatakufa, ningekuwa nimesema kwamba kumtazama Mlezi kunaua. Mwalimu mmoja wa shule ya jirani alikuwa mgeni kwa kusema tu kwamba, wakati wa gwaride mbele ya picha, jua lilimuumiza macho. Nilisoma Ayatul Kursiyyu moyoni, na kabla sijaimaliza nikausikia mdomo wangu unasema.

"Bwana Mkuu, yanatazama juu kwa adabu. Yanasubiri picha. Picha ya Mlezi ikiwekwa juu yao, yatakuwa yanamtazama kabla ya kuzaliwa."

Askari aliondoa kidole. Bwana Mapambo alitoa leso, akajipangusa jicho moja.

"Andika," alimwambia karani. "Andika kwamba nimefikiri hivyo."

Mimi, masikini, nilikuwa nafikiria picha ya ukubwa wa sinia, juu ya kijiti. Nilisahau kwamba kwetu hakuna picha ndogo ya Mlezi. Kabla ya adhuhuri lori lilileta nguzo, na kufika alasiri juu ya kiota lilikuwa limesimama hema la mita ishirini kwa ishirini, kitambaa kizito kama zulia, na kwa upande wa ndani, ukitazama juu, uso wa Mlezi unatabasamu. Jino moja lilikuwa na ukubwa wa mlango wangu. Jua lililokuwa juu ya kiota likaondoka, na kivuli kikakaa.

Nilipiga magoti nikaweka kiganja juu ya mchanga. Ulikuwa umepoa kama chungu kilichoepuliwa. Mayai yasiyopata joto hayafi hapo hapo, ila yanachelewa. Yanaweza kuchelewa siku mbili, nne, hata wiki. Na mwenye kuyalipia siku hizo alikuwa kwenye jengo la rangi ya maziwa. Nilikuwa nimeyaokoa mayai kwa mdomo wangu, na kwa mdomo huohuo nikamtia Mbwana hatarini.

Watu walianza kunikwepa kwa heshima. Wenzangu wanne wa ufukweni walipata magonjwa, mmoja mgongo, mmoja mwingine mgongo, wa tatu na wa nne wakasafiri kwenda kumuuguza mtu ambaye nilimzika mwenyewe. Bi Chausiku alibaki, lakini alizungumza nami kwa juu ya ukuta tu, huku ameshika beseni.

"We Mwanaheri, ati mayai yameshaanza kuimba wimbo wa taifa?"

"Nani kasema?"

"Redio."

"Kwani redio imeyasikia?"

"Redio haisikii, mwenzangu. Redio inasema." Kisha kwa sauti ya chini, "Na Mbwana?"

"Mgeni."

"Wa siku ngapi?"

"Siku za mayai."

Alimwaga maji ya beseni pole pole, kidogo kidogo, ili anayetazama aone kwamba alitoka kumwaga maji. Yalipokwisha akaingia ndani.

Kila Ijumaa niliruhusiwa kupeleka uji kwenye lango la Nyumba ya Wageni. Mlinzi alipokea chombo kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, mama, mgeni atafurahi," na baada ya nusu saa akakirudisha kimeoshwa. Nilikuwa nakinusa nikiwa njiani. Kilinukia sabuni, na nilimshukuru Mungu kwa sabuni ile, maana chombo hakioshwi mpaka mtu ale.

Ijumaa ya tano kilirudi kimejaa.

"Mgeni ameshiba," mlinzi alisema.

"Ameshiba nini?"

"Mama," alisema mlinzi, akitazama juu ya kichwa changu, "ameshiba."

Nilirudi nikiwa nimekibeba kile chombo. Kilikuwa kizito kuliko nilivyokwenda nacho. Sikulia njiani, kwa sababu kulia njiani kipindi cha maandalizi ya jubilei kulikuwa kumepigwa marufuku. Nilimwaga uji chini ya mpapai wangu, nikatawadha, nikaswali rakaa mbili, nikaenda ofisini kwa Bwana Mapambo.

Nilimkuta anakula karanga. Nikamwambia ukweli, kwa sauti ya upole kama ninavyozungumza na mtu aliyepanda paa. Nikasema hema ni zuri, tena picha inafanana naye, lakini mchanga umepoa, na mchanga uliopoa unachelewesha. Kama hema lingeondolewa kila siku kuanzia saa nne mpaka saa kumi, basi...

Alinyanyua mkono. Karanga zilianguka.

"Usilitumie neno hilo."

"Neno gani?"

"Ku... hilo. Kuondolewa. Unataka nikaandike barua kwamba Mlezi aondolewe juu ya wananchi wachanga? Nani atasaini?"

"Basi lisogezwe hatua tano tu."

"Kusogeza picha kunataka kibali cha mwenye picha. Unataka mimi nikamwombe?" Alinyanyuka akafunga dirisha, ingawa nje palikuwa na kunguru tu. "Nitaleta majiko ya mkaa, niyapange pembeni."

"Yataiva, Bwana Mkuu."

"Yakiiva si yanapasuka?"

"Yanapasuka, lakini hayatoki hai."

Alifikiria jambo hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Halafu akaketi, akaanza kuokota karanga zilizoanguka. "Bi Mwanaheri, wewe ni mtu wa dua. Omba. Mimi nitakuwa na mpango mwingine, ukishindikana wako."

Sikuuliza ni mpango gani. Kwetu mtu asiyeuliza huitwa raia mwema, nami nilikuwa na beji.

Siku ya jubilei ilifika. Tulipangwa ufukweni tangu alfajiri, shule tano, bendi mbili, na akina mama wa vitenge vyenye uso wa Mlezi, kila mmoja ameamriwa kutokaa ili asiukalie. Mimi niliwekwa kando ya kiota. Saa nne kamili gari lilifika. Mlezi akashuka. Ni mtu mfupi kuliko picha zake, na hilo si kosa lake.

Bendi ilinyamaza. Watu wote wakatazama mchanga.

Mchanga ulikaa.

Saa nne na dakika tano Bwana Mapambo alitoa hotuba. Alisema mayai haya si mayai tu, ni uamuzi. Alisema mataifa mengine yana kasa, lakini kasa wao hutaga ovyo. Saa nne na robo alitoa hotuba nyingine, kuhusu subira ya Mlezi. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye nanga ya kofia. Mimi nilikuwa namtazama Mlezi, maana alikuwa anaitazama saa yake, na kila akiitazama nilikuwa naiona Nyumba ya Wageni.

Ghafla ngoma zikapigwa kwa nguvu zote. Nyuma ya pazia la hema niliona askari wanafungua magunia mawili yaliyotobolewa matundu. Kisha chini ya pazia wakatokea, wakitembea, wadogo, mgongo mgumu, kichwa mbele.

Walikuwa kobe. Kobe wa nchi kavu, wale wa vichakani huko milimani, wenye miguu kama vigogo vidogo. Mmoja alikuwa bado na jani la mchicha mdomoni.

"Wamezaliwa!" alipiga kelele mtangazaji wa redio. "Wamezaliwa wakiwa wamekwisha kula! Hii ndiyo neema ya uongozi bora!"

Tulipiga makofi. Kobe walitembea mpaka wakaona bahari. Wimbi dogo likawagusa pua. Wakasimama, wakafikiri, wakageuka wote kwa pamoja, wakaanza kurudi kuelekea jukwaani.

"Wamekataa kuiacha nchi yao!" mtangazaji akalia. Nadhani alilia machozi ya kweli, na wenzake walimpangusa. "Wanarudi kwa Mlezi wao!"

Mlezi aliinama kumshika mmoja. Kobe akaingiza kichwa ndani.

"Ameinama kwa heshima!"

Makofi yalizidi. Nami nilipiga. Nilipiga mpaka viganja vikawaka, kwa sababu mbele yetu kulikuwa na watu waliogeuza migongo kwa jukwaa ili watazame nani ataacha kwanza. Halafu askari waliwakusanya kobe mmoja mmoja, kwa ukakamavu, wakawapigia saluti, wakawarusha baharini. Nilihesabu kwa midomo bila sauti, kama Mbwana alivyonifundisha kuhesabu. Sitini na watatu. Walizama kama mawe. Hakuna hata mmoja aliyerudi juu.

Mlezi aliniita. Akaweka mkono wake kichwani kwangu. Ulikuwa wa baridi. "Umeshuhudia, mama?"

"Nimeona, Mheshimiwa," nilisema. Na hilo lilikuwa kweli, nilikuwa nimeona.

Akatabasamu, akatazama mahali palipokuwa na kiota, akasema hapa pajengwe mnara wa zege, ili vizazi vijue. Watu wakapiga makofi kwa ajili ya zege.

Walipoondoka wote nilijifanya naokota takataka. Nilipiga magoti chini ya lile tabasamu kubwa nikaweka kiganja mchangani. Pale juu ya kiota mchanga ulikuwa umebonyea kidogo, kama godoro alilojigeuza mtu. Anayelinda kasa anaijua dalili hiyo. Inatokea siku chache kabla hawajatoka, wakiwa wameshapasua mayai na wanajichimbia kuja juu wote pamoja. Walikuwa hai. Mia moja na kumi na wawili, au karibu na hapo. Wamechelewa tu.

Siku mbili baadaye niliitwa ofisini.

Ofisi ya Bwana Mapambo ina milango miwili. Mmoja unatokea barabarani, unakwenda zako nyumbani. Wa pili unatokea uani, ambako magari meupe yanaegeshwa. Mimi niliingilia wa barabarani. Mezani palikuwa na hati yenye mhuri, kidau cha wino wa dole gumba, na Msahafu umefungwa kitambaa cha kijani. Dirishani niliona gari la zege limesimama kwenye njia ya ufukweni, tumbo lake linazunguka.

Na kwenye kiti cha pembeni alikuwa ameketi Mbwana.

Nilimtambua kwa mguu. Vingine vyote vilikuwa vimepungua. Walimvalisha kanzu mpya, nyeupe, iliyoweza kuwatosha watu wawili. Hakuwa na viatu, yeye, fundi viatu. Nilitoa salamu. Akaitikia kwa midomo.

"Ni jambo dogo, Bi Mwanaheri," Bwana Mapambo alisema, akipanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Hii ni Hati ya Kufunga Kiota. Unaapa kwamba mayai yote yalianguliwa siku ya jubilei, na kwamba kiota ni kitupu. Unaweka dole gumba. Ahadi imetimia, mdhamini wake yuko huru, mnatoka wote kwa mlango ule wa barabarani. Leo hii. Wali wa mchana mtakula nyumbani."

"Na zege?"

"Linamwagwa adhuhuri. Hati ikishakamilika. Bila hati haliwezi kumwagwa, nchi hii ina utaratibu."

"Nisipoapa?"

Alijipangusa uso. "Usiniulize hivyo, mama. Mimi nina watoto."

"Bwana Mkuu, si mngeniweka ndani, mkaniapisha huko kwa nguvu?"

"Imeandikwa kwa hiari," alisema, karibu kwa huzuni, akinionyesha mstari. "Kiapo cha mgeni hakikubaliki. Lazima aapaye awe ametoka kwake mwenyewe, kwa miguu yake. Wewe apa tu. Usipoapa hati haipo, mdhamini anaendelea kuwa mgeni, na mimi ninakwenda kuelezea sitini na watatu walitoka wapi."

Sijawahi kula kiapo cha uongo. Mume wangu alikufa akijua hivyo. Lakini nilitazama miguu ya Mbwana, nyayo zake zilizokuwa na rangi isiyo ya nyayo, nikawaza. Kiapo cha uongo nitakilia kwa Mola wangu kwa swaumu na toba mpaka nife, Yeye ni mwingi wa kusamehe. Wale walioko chini ya mchanga sina nitakachowafanyia tena, watakutana na zege wakiwa njiani kuja juu. Binadamu mmoja, na vitoto vya kasa. Nani angenilaumu? Nilikuwa nimetawadha tangu nyumbani. Nilinyoosha mkono nikauweka juu ya kitambaa cha kijani.

"Shemeji," Mbwana alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake tangu apande gari jeupe. Ilikuwa kavu.

"Naam, shemeji."

"Leo siku ya ngapi?"

"Ya sitini."

"Mchanga umebonyea?"

Nilimtazama Bwana Mapambo. Bwana Mapambo alikuwa anatazama dari.

"Umebonyea."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Kiasi gani?"

Nilimwonyesha kwa mkono wangu wa kushoto, vidole viwili kwenda chini. Akavitazama vidole vyangu. Midomo yake ikaanza kwenda, anahesabu muda waliobakiza kutoka. Akafika mahali akasimama.

"Mnazungumza nini nyinyi?" Bwana Mapambo aliuliza.

"Mambo ya nyumbani," Mbwana alimjibu.

Akashika ukingo wa meza, akanyanyuka. Ilimchukua muda. Alinyoosha kanzu ile kubwa, mbele na nyuma, kama mtu anayekwenda swala ya Ijumaa. Alikuja mpaka mezani, na kwa kuwa hakuwahi kunigusa hata siku ya msiba, hakunigusa. Alichukua kile kidau cha wino, akakifunika kifuniko chake, akakibonyeza mpaka kikalia, akakisogeza mbali na mkono wangu. Kisha akageuka.

"Bwana Mbwana," aliita Bwana Mapambo. Sauti yake ilikuwa imepanda. "Bwana Mbwana, huko siko! Mlango wa kwenda kwenu ni huu! Mama, mwambie! Mwambie mlango ni huu!"

Nilikuwa nasikia mguu mzima, mguu mfupi, mguu mzima, mguu mfupi, sakafuni. Mbwana aliufungua mlango wa uani, ule wa magari meupe, akatoka.